Kuuza kwa kadi usiyoiona: ulinzi nao una gharama

Mteja akichomeka kadi yenye chipu dukani na kubonyeza namba ya siri, hasara ya utapeli kwa kawaida haimgusi muuzaji. Kwa mauzo ya mtandaoni au ya simu ni kinyume. Kadi ikiwa ya wizi, mwenyewe hulalamika, benki yake humrudishia pesa, muuzaji hukatwa. Mzigo umeshaondoka zamani, maana malalamiko mara nyingi huruhusiwa hadi siku 120, na ada ya usumbufu huongezwa juu yake.

Kinga inayojulikana zaidi ni 3-D Secure: benki humtaka mwenye kadi athibitishe malipo kwa namba ya muda au kwenye programu ya simu. Muamala ukithibitishwa hivyo, hasara ya kadi ya wizi kwa kawaida huhamia kwa benki iliyoitoa kadi.

Wanaoulalamikia utaratibu huu hawakosei. Namba huchelewa, simu huisha chaji, mteja huchoka na kwenda kununua kwingine. Tena mteja halali aliyekwama haandiki malalamiko, hivyo hasara yake huioni kwenye daftari lolote.

Lakini piga hesabu. Bidhaa ya 100 yenye faida ya 15 ikiibwa, mtaji wa 85 umekwenda, ada bado. Utauza nyingine sita ndipo urudi ulipokuwa. Kampuni kubwa huimeza hasara hiyo. Duka dogo likipigwa mara tatu kwa mwezi linayumba.

Kwa maoni yangu, ugumu uwekwe kwenye bidhaa zinazouzika upya haraka na kwa wateja wapya, si kwa kila anayenunua kalamu. Chukua oda hii: mteja mgeni, simu tatu za aina moja, anataka zifike kesho kwa gharama yoyote, kadi mbili zimekataliwa, ya tatu imepita. Hapo usifunge mzigo kabla ya kumpigia. Zile tarakimu 3 za nyuma ya kadi zisikupe usingizi mnono, kwani aliyemnasa mwenye kadi kwa tovuti feki anazo pia. (Na wewe huruhusiwi kuzihifadhi malipo yakishapita.)

Oda za simu ndizo mwanya mkubwa zaidi: badala ya kuandika namba za kadi kwenye karatasi, mtumie mteja kiungo cha malipo ili athibitishe mwenyewe. Hata hivyo 3-D Secure haimzuii mnunuzi halisi kudai kwamba mzigo haukufika. Kwa huyo, utetezi wako ni saini ya aliyepokea.