Wafumaji wa Lyon hawakugombana na mashine

Kuna mwandishi kasema wafumaji wa hariri wa Lyon, mji wa Ufaransa, waliasi mwaka 1831 kwa kuchukia mashine; hapo kateleza. Mashine za kufumia za Jacquard, zile zinazoongozwa na kadi zenye matundu, walikuwa nazo majumbani mwao! Nyumba za Croix-Rousse, mtaa wa wafumaji hao, zilijengwa na dari za juu sana ili mashine zienee humo. Ugomvi ulikuwa malipo. Oktoba walikubaliana na wafanyabiashara kima cha chini cha bei ya kufuma, baadhi ya wafanyabiashara hao wakakataa kukifuata. Novemba wafumaji wakaingia barabarani na bendera nyeusi: kuishi kwa kufanya kazi au kufa tukipigana. Wakauteka mji. Desemba jeshi la mfalme likarudi, makubaliano yakafutwa. Na mfalme mwenyewe, Louis-Philippe, alikuwa kaingizwa madarakani na mapinduzi ya mwaka uliotangulia tu.