Kefa alipojitenga mezani

Kila tukikosana kanisani, kuna atakayesimama na kutukumbusha kwamba waumini wa kwanza walikuwa "moyo mmoja na roho moja". Ni kweli, yameandikwa katika Matendo 4. Lakini geuza ukurasa ufike sura ya 6: watu wananung'unika kwa sababu wajane wanaosema Kiyunani wanasahauliwa kwenye mgao wa chakula wa kila siku.

Kisa kinachonigusa zaidi ni cha Antiokia, katika Wagalatia 2. Petro, ambaye Paulo anamwita Kefa, alikuwa akila pamoja na waumini wasiotahiriwa, yaani wasio Wayahudi. Walipofika watu kutoka kwa Yakobo, kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akaanza kujitenga. Wayahudi wenzake wakamfuata, hata Barnaba. Hebu jiweke mahali pa yule ndugu asiyetahiriwa. Jana mmemega mkate mmoja. Leo mwenzako amehamia kwingine na hataki hata kukutazama usoni. Paulo akamkemea Kefa mbele ya wote.

Wapo wanaosema mkubwa husemwa pembeni. Mimi nipo na Paulo. Walioaibishwa waliaibishwa hadharani, na heshima yao ilipaswa kurudishwa hapohapo. Nimeshakaa kwenye kamati ya kanisa ambako kikaoni kila mtu aliitikia "sawa, mchungaji", kisha maneno yenyewe yakasemwa chini ya mwembe. Miezi michache baadaye nusu ya kwaya ilikuwa imehama.

Paulo hasemi kama Kefa alikubali kosa. Ila Paulo huyohuyo alizunguka Makedonia na Akaya akichangisha fedha kwa ajili ya maskini wa Yerusalemu, kwenye kanisa la Yakobo. Hilo hunitoa machozi.

Yapata mwaka 155, Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, alisafiri hadi Roma kuzungumza na Aniseti, askofu wa huko, juu ya Pasaka. Kwao Polikarpo waliishika siku ya 14 ya mwezi wa Nisani wa kalenda ya Kiyahudi, iangukie siku yoyote ya juma. Roma walishika Jumapili. Hakuna aliyemgeuza mwenzake. Aniseti akampisha Polikarpo aongoze Ekaristi katika kanisa lake, wakaagana kwa amani.

Kama miaka 35 baadaye, Vikta, askofu wa Roma, alitaka kuyatenga makanisa ya Asia, jimbo la Kirumi lenye Smirna, kwa sababu ya tarehe hiyohiyo. Irenei, askofu wa Lyon, ambaye mwenyewe alishika Jumapili, alimwandikia kumsihi asifanye hivyo, akamkumbusha siku ile Aniseti alipompisha mgeni wake.