Mbona Hamji Tena Kurusha?

Mpwa wangu anazunguka Kisauni nzima akiuliza watu mbona hawaji tena uwanjani kwake kurusha diski. Barazani kauliza, kwa muuza kahawa kauliza, hata kinyozi kamuuliza huku wembe uko shingoni mwa mteja. Kila mmoja anamjibu kwa adabu. Huyu anasingizia jua, yule anasingizia goti. Mzee mmoja kamwambia mchezo wenyewe ni wa wazungu, na mzee huyo huyo kila Jumamosi hasemeshwi kwa ajili ya mpira wa Uingereza, timu yake ikifungwa halali na chakula hali. Mimi ni mjombake, adabu hiyo hainihusu. Nimemwambia: kaa hapo, nikueleze, halafu mamako asije akasema nilikuficha.

Kwa ambaye hajauona mchezo: ni gofu, ila hakuna kijiti wala kampira. Unarusha diski ya plastiki, na unakolenga ni kikapu cha chuma kilichosimamishwa kwenye mlingoti, juu yake minyororo inaning'inia ili diski ikigonga isichupe nje, ianguke kikapuni. Unahesabu umerusha mara ngapi. Aliyerusha mara chache ndiye bingwa. Mmarekani mmoja, Ed Headrick, ndiye aliyeweka uwanja wa kwanza wa kudumu kule California mwaka 1975, kisha yeye na mwanawe wakabuni hicho kikapu cha minyororo. Mtu yule aliupenda mchezo mpaka akausia kwamba akifa, majivu yake yachanganywe na plastiki zitengenezwe diski. Alifariki 2002, na wosia ukatekelezwa. Hayo nilimsimulia mama watoto siku moja ameshika diski yangu anapepea mkaa. Aliiweka chini polepole, akaenda kunawa mikono mpaka viwikoni. Tangu siku hiyo diski zangu haziingii ndani, zinalala nje na ndara.

Basi mchezo hauna ubaya. Kurusha ni raha, wallahi. Diski ikipaa, ikatulia hewani, ikapinda taratibu, halafu ukasikia minyororo chwaaa! Hata mtu mwenye deni la duka anasahau njia ya kupitia kulikwepa. Karaha iko baina ya kurusha na kurusha, pale unapotembea. Na mpwa wangu hapaoni, kwa sababu uwanja kaujenga yeye na yote yamo kichwani mwake.

Chukua kikapu cha tatu. Umemaliza, umefurahi, unatazama huku na huku. Cha nne kiko wapi? Kibao hakuna. Mshale hakuna. Ramani iko kwenye simu ya mpwa wangu, na simu ya mpwa wangu iko kwa fundi. Ukimuuliza anakwambia, "Si hapo tu mjomba, nyuma ya mbuyu." Mibuyu iko mitano! Walikuja vijana kutoka Likoni, wamevuka feri na jua lao, wakatoka cha tatu wakaangukia cha saba bila kujua, wakamaliza, wakashukuru, wakarudi makwao wakisimulia kwamba Kisauni kuna uwanja mzuri lakini mfupi. Wengine walifuata kijinjia wakatokea shambani kwa mama mmoja ambaye sitamtaja kwa ajili ya usalama wangu. Mama alikuwa anapalilia muhogo. Akawauliza, "Siku hizi mwaiba kwa visahani?" Nasikia mmoja alikimbia na diski zote za wenzake na mpaka leo yuko Mtongwe hataki kuvuka maji.

Na hapo pa kurushia penyewe! Kwingine wanamwaga zege, bamba safi, unapiga hatua zako tatu unageuka kiuno unaachia. Kwetu ni mchanga na mzizi wa mwembe. Mvua ikinyesha unakuwa utelezi, ukigeuka kiuno, kiuno kinaendelea kugeuka baada ya wewe kusimama. Shemeji yangu alirusha diski na kiatu pamoja. Kiatu ndicho kilichokwenda sawa.

Mpwa wangu kasikia kwamba viwanja vya mabingwa ni virefu, basi kikapu cha kwanza kabisa kakiweka kule, karibu na ukuta wa shule, ukikitazama unadhani ni mtu amesimama anangoja matatu. Mgeni ndiyo kwanza anashika diski maishani! Mpe mita 60, aisikie minyororo, apate hamu. Kina mama wa chama walikuja siku ya kwanza wamevaa raba mpya. Walirusha, wakafuata, wakarusha, wakafuata, kufika kikapuni mwenyekiti wa chama akauliza kama pana bodaboda ya kurudi. Hao hatuwaoni tena, na wao ndio waliokuwa na pesa.

Halafu upepo. Wazee wetu walikuwa hawatii tanga mpaka wajue ni kaskazi au ni kusi, mjukuu wao kapima uwanja mzima kwa wiki moja ya Januari. Kaskazi wakati huo inavuma, kikapu cha sita unarusha kuelekea kusini, upepo uko mgongoni, diski inakwenda zake na kutua kwa heshima. Ikaingia kusi. Sasa unarushia upepo usoni, na diski ukiirushia upepo usoni inainuka, inapinduka, inaelekea isikotumwa. Ya kwangu ilipanda juu, ikafikiri, ikarudi nyuma ikapita juu ya kichwa changu mwenyewe na kutua kwenye paa la mabati la jirani. Jirani alitoka akidhani ni kunguru. Nikamwambia ndiyo, ni kunguru. Ningesema nini?

Msimu huo huo wa masika nyasi zikaota. Ukifyeka unalipa kijana, usipofyeka unalipa kwa diski. Nilikuwa na moja ya rangi ya machungwa, mpya, nyuma nimeandika jina langu na namba ya simu kwa kalamu nyeusi kama wanavyofanya wachezaji wote, ili mwenye kuiokota anipigie. Niliirusha vizuri, niliiona kwa macho yangu ikitua, nikatembea mpaka pale pale, hamna. Nimepapasa nyasi, nimekuta ganda la dafu, ndara ya mguu wa kushoto, na mbuzi mmoja ambaye hakutaka kusumbuliwa. Kanuni inasema una dakika 3 za kutafuta. Dakika 3 zikiisha diski imepotea, unaongezewa adhabu ya mrusho mmoja. Sasa nani katunga hiyo kanuni? Mimi nikikutana na mtu pale njiani, dakika 3 hatujafika hata kwenye kuulizana hali ya watoto! Nilipomaliza kumjulia hali mwenye mbuzi, wenzangu walikuwa wako kikapu kinachofuata na adhabu yangu wameshaiandika. Simu mpaka leo haijalia. Nimeishi na simu mkononi kama kijana aliyeposa.

Lakini hayo yote tungevumilia, kama si minyororo.

Mpwa wangu alikwenda kwa fundi wa kuchomelea, akatengenezewa vikapu tisa vya kweli, minyororo imeng'aa, kavipaka na rangi. Mimi siku ile ile nilimwambia: mwanangu, umetundika chuma hadharani katika nchi ya Kenya. Akacheka. Mwaka 2022 rais mzima alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu nyaya na nguzo za umeme zilikuwa zinang'olewa, ikapita miezi kama mitatu ndipo biashara ikafunguliwa tena. Nguzo za umeme zilikuwa na serikali nyuma yake. Kikapu chako kina nani? Minyororo ya cha tisa iliondoka kwanza, kwa sababu kiko mbali. Kisha cha nane. Mwizi alikuwa anacheza uwanja kinyumenyume, na yeye peke yake ndiye hakuwahi kupotea njia.

Kuvipigia minyororo mipya pesa hana, kwa hiyo akapata fikra. Katundika mapakacha. Mapakacha ya makuti, yale ya kubebea samaki! Diski ikigonga pakacha hakuna chwaaa, kuna "pf". Mtu mzima umetoka kwako, umeaga, umerusha mara nne kwenye jua, unaambulia "pf". Halafu yule mbuzi, yule wa nyasi, akagundua makuti. Jumapili tulimkuta kikapu cha tisa amesimama kwa miguu miwili anamalizia. Tukabishana kama diski iliyogonga mbuzi na kuangukia chini ya kikapu inahesabiwa imeingia. Mabishano yalichukua muda kuliko mchezo, na nitasema kweli, ndiyo yaliyokuwa raha ya siku ile.

Njia ya watu nayo inakata katikati ya kikapu cha pili. Watoto wa madrasa wanapita pale wakitoka, mama na ndoo yake kichwani anapita, mkokoteni wa maji unapita na mwenye mkokoteni hasimami kwa ajili ya mtu. Inabidi ungoje. Ukingoja, kundi la nyuma linakufikia. Na mbele yako liko kundi la watu tisa wanaocheza pamoja, wamesimama wanamfundisha mmoja wao kushika diski, kila mmoja ana mtindo wake. Unaomba upite, kwa kuwa nyinyi ni wawili tu. "Pita, shekhe." Unapita, unarusha mbele ya macho kumi na nane, diski inakwenda kichakani. Kimya. Halafu mmoja anasema, "Pole, shekhe." Hiyo pole ndiyo iliyonikalisha nyumbani mwezi mzima, si goti.

Nilipomaliza kusema, mpwa wangu alinyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hivyo nianze na nini, mjomba?" Nikamwambia vibao. Ubao na rangi si chuma, haviibiwi. Na kweli, baada ya wiki kavitia, vyeupe, namba kubwa, mshale wa kuelekea kikapu kinachofuata. Jioni nikatoka kwenda kukagua. Kibao cha nne nilikiona kwa mbali, nikafurahi. Kukikaribia, mshale siuoni, namba siioni. Juu yake limebandikwa karatasi lililojaa herufi nyekundu: MGANGA KUTOKA PEMBA. MAPENZI, KESI, BIASHARA, MALI ILIYOPOTEA. Chini, namba ya simu.

Nikataka kulibandua. Mkono ulipofika kwenye "mali iliyopotea", ukasita. Nikapiga.

"Umepoteza nini, mzee wangu?"

"Diski."

"Ya muziki?"

"La, ya kurusha."

Akanyamaza. Nikasikia vitu vinapekuliwa, plastiki inagongana na plastiki.

"Naona rangi ya machungwa," akasema.

Rangi sikumtajia! Mwili ukanisisimka.

"Naona na maandishi meusi nyuma. Jina, na namba inaishia saba sifuri."

"Ndiyo hiyo! Hebu nambie, iko wapi?"

"Tuma kwanza mia tano ya kufungulia kazi."

"Mia mbili," nikamwambia.

"Mia mbili ni ile ya kijani," akasema. "Ya machungwa bado mpya."