Nguruwe wa Norwei na mdudu wetu wa Dar

Hapa Norwei mtu akishinda bahati nasibu wenzake humwita "heldiggris", nguruwe mwenye bahati, naye hucheka na kushukuru. Jaribu kumpongeza shemeji yako hivyo pale Magomeni, Dar, uone.

Wenyeji wana majina mawili ya mnyama huyu, na Waswidi na Wadenmark wanayo hayohayo. "Svin" ni la kale, ndugu wa "Schwein" ya Wajerumani. Hata "sus" ya Kilatini ni ya shina hilo. "Gris" limetokana na "gríss" ya Kinorsi cha kale, lugha ya mababu zao, yaani mtoto wa nguruwe, ila lilikotoka kabla ya hapo wataalamu hawajakubaliana. Siku hizi gris ndiye anayependwa: ndiye kibubu cha akiba, na Krismasi atakayekuta lozi kwenye uji wake wa mchele hupewa gris wa marsipani, kinyunya kitamu cha lozi na sukari. Svin amebaki kwenye lebo za nyama na midomoni mwa wenye hasira. Ukiitwa svin, umetukanwa. Wafini wana lao, "sika", ingawa jina la mtoto wake, "porsas", waliliazima zamani mno, na ni la ukoo mmoja na "porcus" ya Kilatini.

Letu nalo si la jana. Nguruwe ni Kibantu halisi. Mzulu husema "ingulube", Mshona "nguruve". Ila ukienda kula Dar hulisikii. Utaagiza nusu kilo ya kitimoto, au mdudu, au mbuzi katoliki (hili la mwisho hunichekesha hadi leo), na ndizi za kukaanga pembeni.

Marafiki zangu wa hapa hudhani tunaona aibu. Nawakatalia. Uswahilini unapanga nyumba moja na Mwislamu, uwanja mmoja, bomba moja, na neno lile ni zito masikioni mwake. Jina la utani linakuruhusu kula chako bila kumkwaza. Mnorwei hakulelewa na haja hiyo.

Kwenye lebo, lakini, nawaunga mkono wao. Oslo ina Wasomali na Wapakistani wengi, na palipoandikwa "svin" hakuna atakayekula asichotaka. Kwetu mgeni asiyejua mdudu ni nini anaweza kusogezewa sahani akaila. Kwa hiyo bango la duka liseme nguruwe waziwazi, herufi kubwa. Mimi nikiwa barazani na mama mwenye nyumba nitaendelea kusema mdudu.