Second Coming ya Stone Roses: hapana, haikuonewa

Kuna hii tabia imeingia kwa wapenzi wa rock siku hizi, albamu yoyote ya pili iliyopondwa ilipotoka basi lazima "ilionewa", watu hawakuielewa, ilikuja kabla ya wakati wake, na maneno kama hayo. Ukisema tu hujaipenda unaambiwa irudie, isikilize na hedifoni, ipe muda. Haya. Second Coming, albamu ya pili ya Stone Roses, mi nimeipa muda wa kutosha tu na bado naona wale walionuna Desemba 1994 walikuwa na haki ya kununa, ila sababu zinazotajwa na wengi ndo sizikubali.

Kwa asiyejua stori, kwa kifupi. Stone Roses walikuwa jamaa wanne wa Manchester, Ian Brown akiimba, John Squire gitaa, Mani besi, Reni drams. Mwaka 1989 wakatoa albamu ya kwanza iliyobeba jina la bendi, na mwisho wa mwaka huohuo wakaachia Fools Gold, wimbo unaokaribia dakika 10 na watu wakaucheza disko bila kuchoka. Mei 1990 wakapiga shoo pale Spike Island mbele ya watu zaidi ya 25,000. Baada ya hapo ikaja singo moja, halafu kimya. Kesi na lebo yao ya Silvertone, mahakama ikawaachia huru 1991, wakasaini lebo nyingine, Geffen, hela ikaingia, wakajichimbia studio kule Wales, John Leckie aliyeprodyuzi albamu ya kwanza akaanza nao akaishia njiani, na mzigo wenyewe ukaja kutoka Desemba 1994. Zaidi ya miaka mitano tangu ule wa kwanza.

Na huku nje watu hawakukaa kuwasubiri. Nirvana walitoa Nevermind Septemba 1991, wakatikisa kila kona, wakatoa na In Utero, mwimbaji wao Kurt Cobain akafariki Aprili 1994, yaani historia yao yote ya umaarufu imeanza na kuisha Stone Roses wakiwa bado hawajatoa albamu ya pili. Mwaka huohuo wa 1994 Blur wametoa Parklife, Oasis wametoa Definitely Maybe, na hao Oasis ni vijana wa Manchester hiyohiyo waliokua wakiwasikiliza Stone Roses, kwahiyo mwanafunzi alishafika kilingeni kabla ya mwalimu kurudi.

Ndo maana lawama ya kwanza utakayoisikia ni kwamba waliwasubirisha mashabiki mno. Naielewa, lakini hiyo inaeleza hasira, haielezi muziki. Mtu aliyezaliwa mwaka 2000 hakusubiri chochote, albamu zote mbili kazikuta kwenye simu, anaziweka moja baada ya nyingine mchana mmoja, na bado ikifika ya pili anauliza hawa ni walewale kweli? Huyo hana kinyongo na mtu, na jibu lake ni lilelile.

Lawama ya pili: walijigeuza Led Zeppelin, ile bendi ya rock nzito ya miaka ya 70. Sawa, Squire alizama kwenye rifu za blues, vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, mpaka shingoni, hilo halina ubishi, na Tears ukiisikiliza unajua kabisa walikuwa wanawaza Stairway to Heaven ya hao Led Zeppelin. Lakini kubadilika sio kosa. Love Spreads ni blues tupu na ilifika namba 2 Uingereza, na ni wimbo mtamu, ile gitaa inavyoteleza mwanzoni tu unajua kuna kazi hapa. Na The Strokes nao mwaka 2003 walivyotoa Room on Fire wakaambiwa mbona ni ileile ya kwanza, hamjabadilika. Sasa bendi ifanyeje? Wasikilizaji tuna kigeugeu, tukubali tu tuendelee.

Tatizo mi naliona kwenye nafasi. Nani anaachiwa nafasi kwenye wimbo.

Chukua I Wanna Be Adored inayofungua albamu ya kwanza. Zinaanza kelele za mbali, halafu besi ya Mani inaingia yenyewe, noti chache tu, gitaa la Squire linakuja juu yake taratibu kama halina haraka, Reni anaingia mwishoni na hapo ndo wimbo unasimama. Kila mtu anamsikiliza mwenzake. Nenda She Bangs the Drums, besi ndo inayobeba melodi, na kwenye kiitikio msikilize Reni anavyomshika Ian Brown kwa sauti ya pili. Hili watu wanalipita sana. Ian Brown hana sauti kubwa, hajawahi kuwa nayo, ana ile namna yake ya kuimba nusu kunong'ona na nusu dharau, na kilichokuwa kinamfanya asikike mkubwa ni Reni kumjazia kwa nyuma huku anapiga drams, mambo mawili kwa wakati mmoja na yote kwa ustadi.

Albamu ya pili hiyo sauti ya Reni inasikika kwa nadra mno. Kilichojaa ni magitaa, tabaka juu ya tabaka, Squire kapiga solo, juu ya solo kaweka jingine, na katikati hapo Brown anatafuta pa kupenyeza neno. Driving South ni mfano mzuri, ni kama solo moja refu ambalo mtu kaalikwa aje aimbe akipata upenyo. Mpiga gitaa anapiga vizuri mno, sibishi, ila uzuri huo ndo unaowameza wenzake watatu.

Ukitaka ushahidi angalia nani kaandika nini. Ya kwanza nyimbo ni za Squire na Brown kwa pamoja. Ya pili nyingi ni za Squire peke yake. Na cha ajabu, nyimbo mbili ambazo mi nazirudia kila mara ni Begging You, ambayo waliandika wawili, na Daybreak, ambayo imeandikwa majina ya wote wanne. Begging You drams zimekatwakatwa zikarudishwa kwa kasi, gitaa linalia kama king'ora, ule ndo mwelekeo wa Fools Gold uliosogezwa mbele, hapo ndo walipotakiwa kwenda! Daybreak kwa upande wake haina hata kiitikio cha maana lakini Mani na Reni wamepewa uwanja, na ghafla unasikia bendi inapumua.

Halafu kuna suala la kujidekeza. Wimbo wa kwanza, Breaking into Heaven, una dakika zaidi ya 11, na zile nne na ushee za mwanzo ni sauti za msituni, maji yanatiririka, gitaa linalia kwa mbali, vimlio vya hapa na pale. Umewaweka watu miaka mitano halafu unawafungulia mlango wakute sebule nyingine ya kusubiria! Na kinachouma zaidi wimbo wenyewe ukianza ni mzuri, mdundo ni mzito, Brown yuko vizuri, yaani ungekatwa uanze pale tu ungekuwa kwenye tatu bora. Kwenye sidii ndo kabisa, ukimaliza wimbo wa 12 kuna traki kibao za kimya mpaka ya 90, na ukifika ya 90 unakuta kelele za watu wanachezea vyombo, wameiita The Foz. Kuna mashabiki wanaona ni utani mzuri. Utani unafaa baada ya kazi nzuri.

Sasa watetezi wakibanwa hapo wanakimbilia Pinkerton, albamu ya pili ya Weezer, bendi ya Marekani. Hii ndo fimbo yao siku zote. Ni kweli, Pinkerton ilitoka Septemba 1996, wasomaji wa jarida la Rolling Stone wakaipigia kura kati ya albamu mbovu za mwaka, na miaka michache baadaye jarida hilohilo likaipa heshima zote, leo kuna vijana wanaoiweka juu ya ile ya kwanza. Kwahiyo wanasema subiri, na Second Coming zamu yake itakuja.

Imeshapita miaka thelathini jamani, inakuja na punda?

Hizi albamu mbili hazifanani hata kidogo. Pinkerton ina nyimbo 10 na dakika kama 35, kila wimbo una kiitikio unachoweza kuimba, kilichowaudhi watu ni mambo aliyoyasema mwimbaji wao Rivers Cuomo, upweke na tamaa zake kaziweka hadharani bila kuzifuta vumbi, na magitaa yanakwaruza. Ukishazoea ule ukwaruzo unakuta nyimbo zilikuwepo tangu siku ya kwanza. Second Coming ni zaidi ya saa nzima, na ukishazoea unakuta magitaa. Najua kuna mtu atanijibu kwamba Cuomo naye aliandika peke yake. Ndio, ila Weezer tangu albamu ya kwanza mwandishi mkuu alikuwa yeye, bendi ilijengwa hivyo. Stone Roses ilikuwa bendi ya watu wanne, ukimpa mmoja usukani umeshavunja kitu, na kweli ikavunjika: Reni kaondoka mwanzoni mwa 1995 hata ziara ya albamu haijaanza, Squire kaondoka 1996, na kabla mwaka huo haujaisha hapakuwa na bendi.

Kwahiyo mtu akisema ni albamu mbovu kabisa tutabishana, sio mbovu, kuna bendi kibao zingeuza figo zitoe Ten Storey Love Song. Ila kusema ilionewa, hapo hapana. Mi nikipewa mkasi nabakisha Begging You, Ten Storey Love Song, Daybreak, Tightrope, Love Spreads, na Breaking into Heaven bila msitu wake. Sita tu, nusu saa na kidogo. Na hata hapo ningeomba maiki ya Reni iongezwe sauti.