Rhodes 1943: mchezo wa vita juu ya uvamizi ambao haukufanyika

Kisiwa cha Rhodes, katika bahari ya Aegean karibu na Uturuki, kilibaki mikononi mwa Wajerumani mpaka Mei 1945, wakati Hitler ameshakufa na Berlin imeshaanguka. Waingereza walikuwa na mpango wa kukitwaa tangu mwaka 1943. Waliupa jina la siri la Accolade, wakaifanyisha mazoezi divisheni ya Kihindi kwa ajili yake, wakatenga na meli. Kisha wakaughairi. Kwa wapenzi wa michezo ya vita ya mezani, ile yenye ramani ya vyumba vya pembe sita, kete za kadibodi na dadu, mpango ulioghairiwa ni chambo kitamu. Historia imeacha swali wazi, na mchezo unaahidi kulijibu kabla watu hawajaagana kwenda kulala.

Wapo wanaoona huu ni upuuzi: vita haikupiganwa, sasa mnacheza nini? Wapo wanaoona hakuna njia bora ya kuuelewa uamuzi wa kijeshi kuliko kukaa kwenye kiti cha aliyeamua, hujui kesho italeta nini. Mimi niko na hawa wa pili, ila kwa sharti moja zito, nalo linahusu meli.

Kwanza yaliyotokea. Septemba 8, 1943 ilitangazwa kwamba Italia imesalimu amri. Rhodes ilikuwa chini ya Italia tangu 1912, na Admirali Inigo Campioni alikuwa na askari zaidi ya 35,000 katika kisiwa hicho. Pamoja nao ilikuwepo divisheni moja ya Kijerumani ya Jenerali Ulrich Kleemann, watu kama 7,500 hivi, wenye vifaru na magari ya kutosha. Mpaka jana yake walikuwa wenzi. Sasa kila mmoja alikuwa akimwangalia mwenzake kwa jicho la pembeni.

Usiku wa Septemba 9 Meja George Jellicoe aliruka kwa mwavuli akiwa na watu wawili tu na barua ya Jenerali Wilson, mkuu wa majeshi ya Uingereza ya Mashariki ya Kati. Mkalimani wake alivunjika mguu alipotua. Waitaliano, bila kujua ni nani hao, wakawamiminia risasi. Jellicoe akaogopa barua isije ikaingia mikononi mwa Wajerumani, akaitafuna na kuimeza. Alipofikishwa kwa Campioni alikuwa na maneno ya mdomo tu, na alichotaka kujua Admirali ni kimoja: mnakuja lini, na wangapi? Jibu halikumridhisha. Wachache wangeweza kufika upesi. Jeshi la maana lilihitaji siku kadhaa. Kleemann hakungoja. Alivamia viwanja vya ndege, akayakatakata majeshi ya Kiitaliano yaliyotawanyika pwani, na Septemba 11 Campioni akasalimu amri. Mei 1944 serikali ya Mussolini ya kaskazini mwa Italia, iliyobaki upande wa Wajerumani, ilimpiga risasi kwa kosa la kutowatii Wajerumani. Mtu huyu alipoteza pande zote mbili.

Anayeutetea mpango huanzia kwenye siku hizo tatu. Anasema: hesabu ya watu ilikuwa upande wetu. Laiti brigedi moja ingeshuka Rhodes kabla ya Septemba 11, Waitaliano wangepata moyo na Kleemann angebanwa. Tena Rhodes haikuwa kisiwa cha kawaida, kwani ilikuwa na viwanja vitatu vya ndege, Maritza, Calato na Cattavia. Mwenye viwanja hivyo ndiye mwenye anga ya kusini mashariki mwa bahari ya Aegean. Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, alikuwa na ndoto kubwa zaidi: Rhodes ikianguka, Uturuki itaona upepo umegeuka, itaingia vitani, na njia ya meli kwenda Urusi kupitia mlango bahari wa Bosporus itafunguka.

Hoja yake yenye nguvu kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ya gharama. Waingereza hawakwenda Rhodes, lakini hawakukaa nyumbani pia. Walipeleka vikosi vidogo Kos, Leros na Samos, visiwa vilivyo jirani, huku ndege za Kijerumani zikiruka juu yao zitakavyo. Oktoba 3 Wajerumani waliteremka Kos, na kesho yake kazi ikawa imekwisha. Maofisa wa Kiitaliano karibu mia moja waliuawa baada ya kutekwa. Leros ilishambuliwa Novemba 12 ikaanguka Novemba 16. Zaidi ya Waingereza 3,000 na Waitaliano zaidi ya 5,000 walichukuliwa mateka huko. Baharini zilizama manowari sita za aina ya destroya, mojawapo ya Kigiriki. Kwa hiyo, anasema mtetezi, msituambie kuiacha Rhodes ilikuwa ni kuweka akiba. Bei ililipwa, bidhaa haikuchukuliwa.

Anayeupinga mpango anakuuliza tarehe. Septemba 9, Jellicoe anapofunga mwavuli wake, ndiyo siku ile ile Washirika walipoteremka Salerno, kusini mwa Italia. Kati ya Septemba 12 na 14 Wajerumani walikaribia kuwarudisha baharini. Vyombo vya kuteremshia askari ufukweni vilikuwa haba dunia nzima, na vile vilivyotengwa kwa ajili ya Rhodes vilikuwa vimeondolewa mwishoni mwa Agosti, vikaelekezwa Bara Hindi kwa ajili ya mipango ya pwani ya Burma. Divisheni ya Kihindi iliyofanyishwa mazoezi nayo ikapangiwa kazi nyingine. Yaani siku mlango ulipofunguka, mwenye safari alikuwa ameshauza viatu.

Anga nayo haikusaidia. Kutoka Saiprasi hadi Rhodes ni zaidi ya kilomita 400. Ndege nyingi za kivita za wakati ule zingefika, zingezunguka dakika chache, zikageuka kutafuta mafuta. Wamarekani walikopesha ndege zao za masafa marefu, P-38, kwa siku chache za mwanzo wa Oktoba. Zilifanya kazi nzuri, kisha zikarudishwa kwenye vita ya Italia. Katika siku hizo hizo zilikuja habari kwamba Hitler ameamua kushikilia kusini mwa Roma, harudi nyuma kwenda kaskazini kama ilivyodhaniwa. Makamanda wa Eisenhower, mkuu wa majeshi ya Washirika katika Mediterania, walipokutana Tunisia Oktoba 9, Rhodes haikuwa tena na pa kupata askari. Churchill alimsihi Rais Roosevelt wa Marekani, Roosevelt akakataa. Mkuu wa majeshi wa Churchill mwenyewe, Alan Brooke, aliandika katika shajara yake kwamba Waziri Mkuu ameikuza Rhodes kichwani mpaka haoni kingine. Mpaka mkutano wa Cairo, mwezi uliofuata, Churchill alikuwa bado anaidai, na Jenerali Marshall, mkuu wa jeshi la Marekani, akamwambia wazi kuwa hakuna askari wa Kimarekani atakayefia kwenye ufukwe ule.

Sasa turudi mezani. Senario za Rhodes, yaani hali ambazo mchezo unaanzia, kwa kawaida huanzia baharini: mchezaji wa Kiingereza amepewa brigedi mbili tatu, zimeshapakiwa, na kazi yake ni kuchagua ufukwe. Zimetoka wapi? Nani amenyang'anywa? Kijitabu hakisemi. Mchezaji wa bao anayekalishwa mbele ya ubao ambao mtu mwingine ameshamaliza kunamua, akaambiwa haya anzia mtaji, ana haki ya kuuliza nani kazipanga kete hizi na kwa faida ya nani. Accolade haikufia ufukweni. Ilifia kwenye orodha ya meli, na senario inayoanza baada ya orodha hiyo imeliruka pambano lenyewe.

Sisi wa kikundi chetu tulipojitengenezea senario yetu tuliweka kanuni ya Salerno. Pembeni mwa ramani kuna mstari wenye namba, unaoonyesha hali ya Italia. Kila meli mbili unazozichukua kwa ajili ya Rhodes, Mjerumani anapata kurusha dadu moja zaidi dhidi ya mstari huo. Ukishuka chini ya sifuri umeshindwa mchezo, hata kama bendera yako inapepea juu ya bandari ya Rhodes. Kanuni ni fupi, lakini tazama inavyomfanya mtu. Yule aliyekaa akitamba kwamba Churchill aliangushwa na waoga, ananyoosha mkono kwenye rundo la meli, anachukua nne, anaangalia mstari wa Salerno, anarudisha mbili. Anahesabu tena. Kisha anauliza kama anaweza kwenda na askari wa miavuli peke yao. Hapo ameshaingia kwenye chumba cha mkutano cha 1943 bila kusomewa hotuba.

Lakini haki itendeke kwa upande wa pili, kwa sababu malalamiko yao si ya kitoto. La kwanza ni kwamba mchezo unageuka kuwa kazi ya karani wa ghala, na watu walikuja kucheza vita. Hilo nalivumilia. La pili linauma zaidi: nani kasema meli mbili ni sawa na dadu moja? Sisi ndio tuliosema. Tungeandika meli tatu, Rhodes ingekuwa rahisi; tungeandika moja, isingewezekana kabisa. Mtunzi asiyempenda Churchill anaweza kuiua Accolade ndani ya kijitabu cha kanuni kabla mtu hajagusa kete, kisha akaita matokeo hayo historia.

Hali ni hiyo hiyo kwa Campioni. Kila senario lazima iamue Waitaliano watapigana kiasi gani, na ushahidi unavuta huku na kule. Rhodes walisalimu amri ndani ya siku tatu, ingawa baadhi ya vikosi vyao vilipigana kweli kweli. Leros, mizinga yao ya pwani ilipiga mpaka siku za mwisho. Ukiwapa Waitaliano moyo wa namba nne badala ya mbili, umeshaamua mshindi. Kwa hiyo mimi huisoma kanuni ya moyo wa Waitaliano kama ninavyosoma tahariri ya gazeti: ni maoni ya mtu, tena yenye nguvu kwa sababu yamevaa namba.

Nikiulizwa maoni yangu mimi, ninaigawa Accolade mara mbili. Ile ya Septemba ilikuwa bahati nasibu yenye busara, iwapo tu meli zisingeondolewa Agosti; baada ya hapo ilibaki barua tumboni mwa Jellicoe. Ile ya Oktoba, ambayo Churchill aliililia kwa nguvu zaidi, ilikuwa ya kukataliwa, na Wamarekani walikuwa sahihi kuikataa. Kosa kubwa kuliko yote mawili lilikuwa la katikati: kuikosa Rhodes na bado kupeleka watu Kos na Leros. Mezani jambo hili hujitokeza bila mtu kulisukuma. Anayetwaa visiwa vidogo huku Maritza na Calato viko mikononi mwa Mjerumani huwa anatazama kete zake zikitolewa ubaoni moja moja.

Kuna jambo ambalo ramani ya vyumba vya pembe sita haina nafasi nalo. Katika mji wa Rhodes kulikuwa na mtaa wa kale wa Wayahudi. Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya watu zaidi ya 1,600, wakawapakia kwenye matishari mpaka Piraeus, na kutoka hapo kwa treni mpaka Auschwitz. Walionusurika ni wapatao 150. Msomaji wa Lubumbashi huenda anaijua habari hii kwa karibu, kwani familia nyingi za Kiyahudi za Rhodes zilikuwa zimehamia Katanga kabla ya vita, enzi mji ukiitwa Elisabethville. Moïse Katumbi, aliyewahi kuwa gavana wa Katanga, ni mtoto wa Myahudi wa Rhodes. Watetezi wa Accolade huitumia habari hii: kisiwa kingetwaliwa 1943, watu wale wangepona. Inawezekana kabisa. Ila waliobishana juu ya mpango ule walibishana juu ya viwanja vya ndege, Uturuki na meli, hawakubishana juu ya mtaa ule. Mmoja wetu alipendekeza uokoaji wao uhesabiwe pointi za ushindi. Nilipinga, na bado napinga. Tuliiandika habari yao kwenye ukurasa wa mbele wa kijitabu, na haina dadu.

Kilichobaki kinatugawa mpaka leo: mchezo uishie wapi, na nani apewe ushindi. Senario yetu inaishia Desemba 1943, baada ya mikutano ya Cairo, mpango ulipozikwa rasmi. Mchezaji wa Kiingereza ambaye hadi hapo hajateremsha mtu kisiwani, hajapoteza manowari hata moja, na mstari wa Salerno umesimama, anahesabiwa sare. Wachezaji huilaumu kanuni hii kuliko nyingine zote. Wanasema hakuna anayefunga safari ya jioni nzima kwenda kukaa bila kufanya kitu. Ni kweli. Lakini Brooke na Marshall ndivyo walivyotaka kucheza, na nikiiondoa kanuni hiyo nitakuwa nimemwachia Churchill meza peke yake. Nafikiria badala yake kuipandisha daraja, sare iwe ushindi mdogo, nione kama kuna atakayeijaribu.