Bayasi Inayoteleza Ihukumiwe kwa Kasi Yake

Kila anayeunda amplifaya ya sauti kwa transista hukutana na hesabu ileile ya joto. Ukitaka wati 50 kwenye spika ya omu 8, volti ya kilele ni takriban 28.3 na mkondo wa kilele ni ampea 3.54. Ili jozi ya transista za kutoa nguvu ibaki katika Daraja A, yaani transista zote mbili zipitishe mkondo wakati wote, mpaka kileleni, mkondo wa utulivu (unaopita bila muziki) hauna budi kuwa nusu ya huo, yaani ampea 1.77. Kwa umeme wa volti 32 upande chanya na 32 upande hasi, hizo ni wati 113 za joto kwa kila chaneli, na zinatoka hata pale ambapo hakuna muziki unaopigwa. Daraja B iliyopangwa vizuri, ambamo kila transista hubeba nusu yake ya wimbi, hutosheka na kidogo sana: kanuni aliyoieleza Barney Oliver wa Hewlett-Packard mwaka 1971 inataka takriban milivolti 26 tu kwenye kila resista ya emita (iliyo kati ya transista na spika), ambazo kwa resista ya omu 0.22 ni miliampea 118. Joto lake halifiki wati 8.

Bayasi ni volti inayowekwa kwenye transista ili kupanga mkondo huo wa utulivu, na bayasi inayoteleza imezaliwa katika pengo hilo. Mkondo wa utulivu huwekwa chini, kisha saketi huipandisha bayasi kadiri muziki unavyodai nguvu. Nelson Pass alipata hataza ya Marekani kwa saketi ya namna hii mwaka 1976, na kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 kampuni kadhaa za Japani zilikuwa zimetoa za kwao, kila moja na jina lake la kibiashara. Chini ya majina hayo yote kuna koo mbili zisizofanana, na kwa maoni yangu kuzichanganya ndiko kunakouvuruga mjadala.

Ukoo wa kwanza ni wa taratibu. Saketi hunyoosha mawimbi ya sauti kwa dayodi, huyalainisha kwa kapasita, na kwa volti inayopatikana hupandisha bayasi. Tatizo ni kwamba pigo la kwanza la ngoma hupita kabla ya kapasita kujaa, na pigo hilo ndilo tuliloinunulia amplifaya. Wabunifu wengine huifanya bayasi ipande haraka na kushuka polepole, jambo linalosaidia pigo la pili na la tatu. Halafu kuna joto. Volti kati ya beisi na emita (mguu unaoiongoza transista na ule unaotoa mkondo) hupungua kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya selisiasi, na kipima joto kilichofungwa kwenye bamba la kupozea huchelewa nyuma ya transista yenyewe. Ucheleweshaji wa nyuzi 10 ni kosa la milivolti 20, wakati kipimo chote tunachokilinda ni milivolti 26! Bayasi inayohamahama kwa sekunde kadhaa hulikoroga joto hilo zaidi kuliko bayasi iliyotulia. Sioni sababu ya kuutetea ukoo huu.

Wa pili hufuata wimbi lenyewe, papo kwa papo, nao una mantiki. Tuitazame saketi ya kawaida yenye bayasi isiyobadilika wakati transista ya juu inapotoa zile ampea 3.54. Resista yake ya omu 0.22 inabeba volti 0.78, na volti ya beisi na emita imepanda kwa karibu volti 0.09 nyingine. Kwa kuwa jumla ya volti kati ya beisi mbili imefungwa, ongezeko hilo linakatwa kutoka upande wa chini, na transista ya chini inazimika kabisa. Bayasi inayoteleza kwa kasi huongeza jumla hiyo kwa kiasi kilekile kinacholiwa, ili upande uliopumzika ubaki na mkondo wake mdogo, tuseme miliampea 20. Chipu ya LT1166, iliyoundwa kusimamia bayasi, hulifanya hili kwa unadhifu: hushikilia zao la volti mbili za vipimio vya mkondo lisibadilike, hivyo upande mmoja ukipanda, mwingine hushuka bila kufika sifuri.

Hata hivyo, hiyo si Daraja A. Katika Daraja A pande zote mbili hushiriki kuisukuma spika mwanzo hadi mwisho. Hapa upande mmoja umeachiwa mkondo wa kuuweka macho tu. Upande mmoja bado hukabidhi kazi kwa mwenzake katikati ya wimbi, na upotoshaji wa makutano unaotokana na makabidhiano hayo hauondoki. Kinachoondoka ni kasoro ya transista kuchelewa kuzimika kwa sababu ya chaji iliyobaki kwenye beisi, ambayo huonekana zaidi katika masafa ya juu. Zama za transista ya nguvu 2N3055 ya awali, ambayo uwezo wake wa kukuza uliishia karibu na megahezi 0.8, kasoro hiyo ilikuwa kubwa. Kwa transista mpya zaidi ya 2SC5200, yenye takriban megahezi 30, sehemu kubwa ya hoja imekwisha.

Kuna hatari pia ambayo matangazo hayaisemi: mkondo unaopandisha bayasi, nayo bayasi ikapandisha mkondo, ni mzunguko unaojilisha wenyewe. Nyaya za spika zikigusana, saketi isiyo na kikomo itaendelea kuongeza bayasi kwa utiifu mpaka transista ziungue. Ningekataa mchoro wowote usioonyesha mahali bayasi inapokoma kupanda.

Anayedai kwamba amplifaya yake haizimi transista aonyeshe mkondo mdogo kabisa wa upande uliopumzika, kwa wimbi la kilohezi 20 na spika ya omu 4. Kipimo chenyewe si chepesi, kwa kuwa miliampea 20 kwenye omu 0.22 ni milivolti 4.4 tu, na resista nzima inapanda na kushuka pamoja na volti ya spika. Bila probu ya tofauti iliyo nzuri, inayopima volti kati ya ncha mbili za resista tu, osiloskopu itakuonyesha kivuli cha wimbi kubwa na si mkondo unaoutafuta.